Mvinyo wa Dodoma Uonjwe Kabla ya Kuhukumiwa

Wanywaji wengi nchini hupima mvinyo kwa kigezo kimoja tu: utamu. Chupa ya Dodoma isiyo na sukari huambiwa ni chungu, huku ya kutoka nje ikisifiwa hata kabla haijafunguliwa. Hukumu hiyo inawaonea wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Bihawana, mkoani Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu katika miaka ya 1950. Ardhi haina kosa. Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana hujaza sukari kwenye zabibu, na ubaridi wa usiku hulinda uchachu wake. Mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena Agosti au Septemba. Mavuno ya Machi huangukia msimu wa mvua, na mvua ikizikuta zabibu zinaiva huzimua utamu na kuleta ukungu. Ya kiangazi huiva pakavu. Kwa hiyo hata chupa mbili za shamba moja zaweza kutofautiana, na anayezionja kwa makini atalijua hilo.

Kuonja hakuhitaji ujuzi wa hoteli kubwa. Mimina kidogo, robo ya glasi, uizungushe, kisha unuse kabla ya kunywa, maana sehemu kubwa ya tunachokiita ladha huingia kwa pua. Piga funda dogo, uliache lizunguke mdomoni. Uchachu hutoa mate pembeni mwa ulimi. Ukakasi hukausha fizi, nao hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu nyekundu. Hivyo viwili si kasoro. Kasoro ni harufu ya siki, ambayo huonyesha kwamba bakteria wameugeuza mvinyo. Au mvinyo mweupe uliogeuka kahawia kama tufaa lililokatwa, kwa sababu hewa imeuingia. Makosa hayo hutokana na zabibu kuchelewa juani, pipa kutojaa au chupa kukaa dukani penye joto. Tena mvinyo mwekundu ukinywewa na joto la Oktoba, kilevi hupanda puani na kufunika kila kitu. Upoze kidogo kwanza.

Wapo watakaosema huku ni kupamba ulevi. Hofu hiyo ni ya haki: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Lakini waonjaji wa kazi hutema, na anayenywa taratibu hana haja ya kujaza glasi. Wengine watasema soko linataka utamu, basi lipewe. Wamarekani walichagua njia nyingine kwa wiski yao ya bourbon: sheria inataka angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Mnunuzi anajua jina hilo linamdhamini nini. Jina la Dodoma linastahili dhamana ya namna hiyo, na haitakuja ikiwa wanunuzi hawaidai. Ukiwa dukani, soma lebo: chagua chupa inayotaja aina ya zabibu na mwaka wa mavuno, na ukikuta yenye harufu ya siki, irudishe na useme sababu.