Vipimo Safi, Tumbo Bado Lauma

Si jambo geni katika zahanati za vijijini, iwe Nyarubungo au kwingineko mkoani Kagera, mgonjwa wa tumbo kupewa dawa ya amiba kwa mara ya tatu ilhali hadubini haikuonyesha kitu.

Maumivu yake si ya kubuni. Katika maradhi ya utumbo wenye hisia kali, utumbo hauna kidonda. Kilichovurugika ni mawasiliano baina yake na ubongo, hata gesi ya kawaida ikahisiwa kama kisu. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016 vinamwezesha tabibu kuyatambua kwa kusikiliza: maumivu ya angalau siku moja kwa juma katika miezi 3 iliyopita, yaliyoanza si chini ya miezi 6 nyuma, yakihusiana na mawili kati ya haya: kwenda haja, idadi ya safari za chooni, na sura ya choo.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, aliandika na wenzake mwaka 1972 kwamba choo cha Waafrika wa vijijini kilikuwa kizito na kilipita upesi kuliko cha Waingereza. Wakazisifu nyuzinyuzi za vyakula. Sifa hiyo ina mpaka. Maharage, kitoweo cha kila siku, huweza kumjaza gesi mwenye utumbo huo. Kuyapunguza kwa majuma machache ni jaribio nafuu kuliko dozi nyingine ya amiba.

Ila mwenye damu chooni, aliyekonda bila sababu, aliyepungukiwa damu, au ambaye maumivu yalimwanza baada ya miaka 50, apelekwe hospitali ya wilaya bila kusubiri.