Sosholojia, Ustawi wa Jamii au Maendeleo ya Jamii? Majina yanafanana, kazi hazifanani

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, haichukui muda dirisha la udahili linafunguliwa. Kwa kijana aliyesoma HGL, HKL au HGK, kuna kozi tatu zinazomchanganya kila mwaka: Sosholojia, Ustawi wa Jamii na Maendeleo ya Jamii.

Wengi huchagua kwa kusikia. Kaka kasoma hiyo, rafiki kasema ni nyepesi, basi anajaza. Anakuja kushtuka miaka mitatu baadaye, anapoona tangazo la kazi anayoitaka limetaja shahada nyingine.

Sosholojia inasoma nini?

Inasoma jinsi jamii inavyoishi na kwa nini watu hutenda wanavyotenda wakiwa pamoja: familia, dini, tabaka, jinsia, uhalifu, kazi.

Mfano wa karibu ni mauaji ya vikongwe Usukumani. Mtu wa kawaida atasema "ni ushirikina" na kuishia hapo. Mwanasosholojia anaendelea kuuliza. Kwa nini wanaouawa wengi ni wanawake wazee? Kwa nini macho mekundu, ambayo mara nyingi ni ya moshi wa miaka mingi jikoni, yageuke ushahidi wa uchawi? Nani anabaki na shamba marehemu akishaondoka?

Simeon Mesaki, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu mauaji haya mwaka 1993. Hiyo ndiyo kazi ya fani hii: kuchimba chanzo.

Hizo nyingine je?

Ustawi wa Jamii ni kazi ya kumhudumia mtu mmoja mmoja na familia yake. Mtoto katelekezwa, wazazi wanagombea malezi, mgonjwa yuko wodini na hana ndugu: hapo anaitwa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa afisa huyu majukumu mengi.

Maendeleo ya Jamii ni kazi ya vikundi na miradi. Afisa wake ndiye anayeonekana kwenye kata akihamasisha vikundi, na ndiye anayefuatilia ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kwa kifupi, Sosholojia inauliza kwa nini tatizo lipo, Ustawi unamshika mkono aliyeumia, na Maendeleo yanaipanga jamii ijiinue. Zinaingiliana, lakini si kitu kimoja.

Zinasomwa wapi?

Sosholojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma na SAUT Mwanza, miongoni mwa vingine. Kwa Ustawi wa Jamii, jina kongwe ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa Maendeleo ya Jamii kuna Taasisi ya Tengeru, Arusha.

Kigezo cha chini cha kuingia shahada kwa wa kidato cha sita ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo mwenye D mbili amefika kwenye mstari. Ila kila chuo kina masharti yake juu ya hapo, na yote yamo kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka husika.

"Utaajiriwa wapi?"

Hili ndilo swali la wazazi, na si swali la kubeza. Jibu lake linaanzia kwenye Ajira Portal, siku ya kuchagua kozi, si siku ya kumaliza chuo. Kila tangazo la serikali hutaja cheo na shahada zinazokubalika. Mwombaji akisoma matangazo ya zamani matano au sita ya kazi anayoitaka, ataona mwenyewe kama Sosholojia imetajwa au haikutajwa.

Nje ya serikali, soko la mwanasosholojia ni utafiti, mashirika yasiyo ya kiserikali na miradi mikubwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na linapita kwenye mashamba na makazi ya watu. Mradi wa namna hiyo unahitaji watu wa kuzungumza na vijiji, kuandikisha kaya na kusikiliza malalamiko ya fidia.

Lakini huko hawamwajiri mtu kwa kuwa kasoma nadharia tu. Wanauliza: unajua takwimu? Unaweza kutengeneza dodoso na kulipakia kwenye KoboToolbox? Ukipewa data, unaichambua kwa SPSS au Stata?

Mambo ya kukagua kabla ya kujaza

Kwanza, orodha ya masomo ya kozi nzima. Vyuo viwili vinaweza kutoa shahada yenye jina moja, kimoja kikafundisha takwimu na mbinu za utafiti kwa kina, kingine kikagusa juu juu. Anayekimbia hesabu ajue pia kwamba Sosholojia haikwepi takwimu.

Pili, fildi. Inafanyika mara ngapi, kwa wiki ngapi, na chuo kinasaidia kutafuta nafasi au kila mtu anajitafutia?

Tatu, pesa. Bumu si zawadi. Aliyekopa Bodi ya Mikopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000 mpaka deni liishe. Ada ya chuo na gharama za kuishi mjini zipigiwe hesabu mapema, nyumbani, na mzazi akiwepo.

Nne, uthibitisho. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa namba maalumu anayotumiwa. Anayelala anaweza kupoteza nafasi.

Mwenye ndoto ya kukaa na mtoto aliyeumizwa na kumtafutia pa kulala asijaze Sosholojia kwa sababu tu jina lina mvuto. Na anayependa kuuliza "kwa nini" mpaka watu wanachoka asiogope kuijaza, mradi aende nayo pamoja na takwimu.