Taa wa mtoni anataka sakafu, si kimo

Dukani taa wa maji baridi huuzwa angali mdogo, upana wa kiganja cha mtu mzima. Mnunuzi humtazama akiteleza chini ya tangi, hulikumbuka tangi lake la nyumbani la mita moja, akaona nafasi ipo tele. Baada ya miaka michache samaki yule yule ana upana wa sinia la pilau la watu wanne, bado hujahesabu mkia. Hapo ndipo mateso yanapoanza, ya samaki na ya mwenyewe, na karibu yote yangeepukika siku ya kwanza kwa kuchukua futi na kupima sakafu.

Mtu wa Pwani haelezwi taa ni nani. Amemla akiwa mbichi na akiwa ng'onda, na habari za kiboko cha mkia wa taa amezisikia tangu utotoni. Tunayemzungumzia hapa ni wa ukoo mwingine, ambao wataalamu huuita Potamotrygonidae, na kwao ni mito ya Amerika ya Kusini: Amazon, Orinoco, Paraná na matawi yake. Mababu zao walitoka baharini wakaingia bara mamilioni ya miaka iliyopita, nao hawawezi tena kurudi. Taa wa baharini huhifadhi urea nyingi katika damu ili maji ya chumvi yasimnyonye maji ya mwilini. Huyu wa mtoni ameupoteza uwezo huo. Afrika nayo ina taa wachache wa mtoni, katika mito ya Niger na Benue na hata Congo upande wa chini, lakini hao ni nadra kuwaona madukani.

Anayewatoa watu akili ni mmoja wa Mto Xingu, Brazil. Mwili wake ni mweusi tii, umetapakaa madoa meupe ya mviringo hadi ukingoni. Jina lake la kisayansi, lililotolewa mwaka 1970, ni Potamotrygon leopoldi, na Leopold anayetajwa ni Leopold wa Tatu, mfalme wa Ubelgiji aliyejiuzulu mwaka 1951 na ambaye baadaye alishika safari za uchunguzi hadi misitu ya Amerika ya Kusini. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu analijua jina hilo kwa habari nyingine: mfalme huyo alitawala wakati Congo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Mwenzake anayepatikana kwa urahisi zaidi ni Potamotrygon motoro, wa kahawia, mwenye madoa ya rangi ya chungwa yaliyozungushiwa weusi. Wote wawili huweza kufikia nusu mita ya upana na kuzidi, majike wakiwa wakubwa kuliko madume, na wakitunzwa vizuri huishi miaka kumi na zaidi.

Turudi kwenye futi. Taa hatumii kimo cha tangi. Maisha yake yako chini: anatembea juu ya mchanga, anajifukia, anageuka. Tangi refu kwenda juu, lile zuri la kupamba sebule, kwake ni chumba chembamba chenye dari la mbali. Kinachohesabika ni urefu na, zaidi ya urefu, upana kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, kwa sababu lazima ageuke bila kukunja kingo za mwili. Kwa mkubwa, mita mbili kwa mita moja ndiyo sakafu ya kuanzia, na hapo tayari una lita elfu moja za maji, yaani tani nzima ndani ya nyumba. Wafugaji wengi huacha kioo wakajenga kidimbwi cha saruji au cha fremu ya mbao iliyotandikwa turubai la mpira. Naliona hilo kuwa jambo la busara kuliko tangi la fahari. Taa aliumbwa kutazamwa kutoka juu, na madoa yake huonekana vizuri zaidi hivyo.

Sakafuni weka mchanga laini wa mto au usiweke kitu. Changarawe zenye ncha humkwaruza tumbo, na kidonda cha tumbo kwa samaki anayelala chini hakiponi haraka. Mawe makali na vigogo vya kuchoma viondolewe. Hita, kama ipo, ifungiwe ndani ya kizuizi chenye matundu, maana taa huilalia na kuungua. Joto la nyuzi 24 hadi 28 linamtosha, na miji mingi ya Pwani huifikia hiyo bila hita.

Maji ndiyo kazi yenyewe. Taa hula sana na kutoa taka nyingi, na taka yake kuu ni amonia, inayotoka kwa mashavu. Katika chujio lililokomaa wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina sumu kali namna hiyo. Bakteria hao hawanunuliwi wakafanya kazi siku hiyo hiyo. Hujijenga kwa wiki nne hadi sita na pengine zaidi. Samaki wengi huvumilia chujio changa. Taa havumilii. Kwa hiyo chujio hutangulia, samaki hufuata, na kati yao kuna mwezi mzima wa kupima maji na kusubiri. Ukiona kingo za mwili wake zimejikunja kwenda juu na kubaki hivyo, ujue yuko katika hali mbaya: pima amonia, badilisha maji, usikimbilie dawa. Dawa nyingi za vimelea zina shaba, nayo humdhuru taa kuliko ugonjwa wenyewe.

Hata chujio zuri haliondoi nitrati, ndiyo maana nusu ya maji hubadilishwa kila wiki, wakati mwingine zaidi. Hesabu hapo kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anayeishi kwa mgao: lita mia tano kila wiki, na kila lita ya bomba iondolewe klorini kwa sodiamu thiosalfeti au ikae kwanza kwenye simtangi ikipigwa hewa. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji yenye alkali hufanya amonia iwe kali zaidi. Kisha umeme. Pampu ikisimama usiku kucha, bakteria wa chujio hukosa oksijeni na kuanza kufa, na asubuhi samaki anaogelea ndani ya taka yake. Asiye na betri ya akiba ya kuendesha walau pampu ya hewa, namwambia bila kumung'unya maneno: asimnunue samaki huyu.

Baada ya kazi hiyo yote, wakati wa kula ndio unaolipa. Dondosha nyungunyungu mmoja pembeni. Taa alikuwa amejifukia, yamebaki macho mawili yaliyochomoza na, nyuma ya kila jicho, tundu linalofunguka na kufunga, ndiko anakovutia maji ya kupumulia asije akavuta mchanga. Hamwoni mnyoo bado, anamnusa. Mchanga unapukutika mgongoni, kingo zinaanza kwenda mawimbi, anasogea moja kwa moja hadi juu ya mnyoo na kutua. Mdomo wake uko chini ya mwili, macho yako juu, kwa hiyo tonge analokula halioni kamwe. Anajibana sakafuni, anauinua mwili katikati ili mnyoo asogee mdomoni, unasikia kama bahati ipo taya zikisaga, na mchanga unapulizwa nje kwa matundu ya mashavu upande wa chini. Wengine huzoea kupanda kioo na kulia mkononi. Kamba, minofu ya samaki na nyungunyungu ndicho chakula chake, mara moja au mbili kwa siku. Gegedu za nyonga zikianza kuonekana kwenye shina la mkia, amekonda na unamnyima.

Kulishia mkononi kunatuleta kwenye mwiba. Uko juu ya mkia, una meno ya msumeno, umefunikwa ngozi yenye sumu, na ukidondoka mwingine huota. Taa hamfukuzi mtu. Huchoma akikanyagwa, akibanwa au akishikwa, ndiyo maana wavuvi wa Amazon hutembea majini kwa kuburuta nyayo. Wengi wanakumbuka kifo cha Steve Irwin huko Australia mwaka 2006, aliyechomwa kifuani na taa wa baharini. Ajali ya nyumbani kwa kawaida ni ya mkono au mguu, lakini maumivu yake ni makali mno na kidonda cha taa wa mtoni huweza kuozesha nyama. Huduma ya kwanza ni maji ya moto, yapata nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, yapimwe kwanza kwa mkono mzima ili mgonjwa asiunguzwe, kwa kuwa joto hudhoofisha sumu. Kisha hospitali, hata maumivu yakitulia, kwa ajili ya kutafuta vipande vilivyobaki na sindano ya pepopunda. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe nyumbani. Kwenye nyumba ya watoto wadogo, tangi hili liwe na mfuniko wa kufunga.

Dume hutambulika tangu kuzaliwa kwa viungo viwili vinavyochomoza, kimoja kila upande wa shina la mkia. Wakati wa kujamiiana humng'ata jike ukingoni, na jike huonekana na majeraha. Hatagi mayai. Watoto hukulia ndani ya mji wa mimba, wakinyweshwa ute mzito kama maziwa unaotolewa na vinyweleo vya ukuta wake, na baada ya miezi mitatu hivi au zaidi huzaliwa wakiwa kamili, madoa na yote, tayari kuwinda minyoo.

Kwa njia hiyo wafugaji wa Taiwan na Thailand sasa huzalisha taa weusi kwa wingi, na hili lina heri yake. Mto Xingu umezibwa kwa bwawa la umeme la Belo Monte, lililoanza kuzalisha mwaka 2016, na katika kipande cha takriban kilomita 130 sehemu kubwa ya maji imechepushwa. Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huko Panama uliingiza spishi saba za taa wa mtoni, yule wa Xingu akiwamo, katika Kiambatisho cha Pili: kuwasafirisha nje kunahitaji kibali. Lakini wafugaji wengi wamechanganya spishi kupata madoa yanayouzika, na mahuluti hao hawatakuwa akiba ya Xingu hata siku moja. Sisi wa Kigoma na Bujumbura tunaijua biashara hii kutoka upande wa muuzaji, maana samaki wa Tanganyika wamekuwa wakipakiwa kwenye mifuko ya plastiki kwenda Ulaya tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo muulize muuzaji mambo mawili: huyu kazaliwa wapi, na wazazi wake ni spishi gani. Kisha omba karatasi ya kibali, na umwone akila kabla hujatoa fedha.

Jambo la mwisho lipangwe kabla ya kununua: atakwenda wapi ukihama au ukichoka. Huko Singapore taa wa motoro wameshakutwa katika bwawa la maji ya kunywa la Upper Seletar, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Watu wa Ziwa Victoria walishaona sangara alivyowafyeka furu baada ya kupandikizwa miaka ya 1950. Tafuta mapema mfugaji mwenye kidimbwi kikubwa atakayekubali kumpokea, na kama hayupo, chagua samaki mwingine.