Je, Nyota Zitamlisha?

Siku ya wazazi, muhula uliopita, mzee mmoja alinisimamisha mbele ya maabara yetu ya fizikia akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu wa Kidato cha Tatu anasema atasomea nyota. Je, nyota zitamlisha?" Nilicheka kidogo, nikajibu maneno yasiyo na uzito, na mzee akaenda zake bila kuridhika. Jambo hilo limenikera tangu siku ile. Basi naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu vizuri, kwa kueleza habari za mtu mmoja.

Mtu huyo ni Bernie Fanaroff wa Afrika Kusini. Alisoma fizikia Johannesburg, kisha akaenda Cambridge, Uingereza, kusomea shahada ya udaktari. Kazi yake huko ilikuwa kuchunguza galaksi kwa darubini ya redio. Galaksi ni kundi la mabilioni ya nyota, na jua letu ni nyota moja tu katika kundi lake. Darubini ya redio haitazamwi kwa jicho. Hukusanya mawimbi ya redio yatokayo mbinguni, usiku na mchana, hata mawingu yakitanda.

Ziko galaksi ambazo hurusha kutoka katikati yake mikondo miwili ya chembechembe, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, nayo hufika mbali kupita nyota za galaksi yenyewe. Mwaka 1974 Fanaroff na mwenzake, Bibi Julia Riley, walizilinganisha galaksi hizo wakaona kwamba ni za aina mbili. Katika aina ya kwanza, mawimbi huwa makali karibu na kitovu, kisha mkondo hufifia kama moshi wa jiko unavyopanda na kutawanyika. Katika aina ya pili, yenye nguvu zaidi, mkondo huenda kwa kasi hadi mwisho, na mawimbi huwa makali kwenye ncha, kama maji ya mpira yanavyopiga ukuta. Hata leo wataalamu huziita aina hizo kwa herufi za majina yao, F na R.

Lakini Fanaroff alirudi kwao, nchi iliyokuwa ikitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, akaziacha nyota. Kwa miaka mingi aliwaunganisha wafanyakazi wa viwanda vya chuma katika chama chao. Mwaka 1994 akaingia katika serikali ya Rais Nelson Mandela. Bila shaka wako waliodhani kwamba masomo ya Cambridge yamepotea bure.

Hayakupotea. Mwaka 2003 aliitwa kuongoza jitihada za Afrika Kusini za kupewa darubini kubwa ya kimataifa iitwayo SKA. Mwaka 2012 iliamuliwa kwamba ijengwe Afrika Kusini na Australia. Mwaka 2018 ilifunguliwa darubini ya MeerKAT, yenye madishi 64, kila moja upana wa mita 13.5, katika Karoo, nchi kame yenye watu wachache. Huko simu huzimwa, maana mawimbi ya simu moja huyafunika yale ya galaksi. Jitihada hizo zilisomesha pia mafundi, wahandisi na wanasayansi vijana, na nchi nane nyingine za Afrika, wakiwamo jirani zetu wa Kenya, zilishirikishwa.

Basi, mzee wangu, siwezi kukuahidi kwamba mwanao atafika Karoo. Ila hesabu na fizikia atakazojifunza kwa ajili ya nyota zitamfaa kiwandani, ofisini, au popote atakapokuwa, na siku nyota zikimwita tena atakuwa tayari.

Kijana naye namwambia hivi: galaksi husomwa kwa hesabu, na daftari lako la hesabu nimeliona. Njoo maabara Jumamosi, tuanzie hapo.