Jua, Uyoga na Mifupa: Mafundisho kwa Wasiokula Nyama wala Maziwa

Wako watu kati yetu wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Wengine wamejinyima vitu hivi kwa ajili ya imani yao. Wengine wamekatazwa na mganga wa hospitali kwa sababu ya ugonjwa. Lakini walio wengi hawakuchagua. Katika vita vya miaka ya 1990 ng'ombe wengi sana wa Masisi waliibwa au kuchinjwa, na familia nyingi zilizokimbia hazikupata tena ng'ombe wa kukamua. Na huku chini msituni, kuelekea Hombo na Walikale, ng'ombe hawakuwa wengi hata zamani. Mtu anakula ugali wa muhogo, sombe, ndizi, maharagi na mawese, mwaka hata mwaka.

Watu hawa wanatuuliza: Je, sisi tutapata wapi vitamini D? Tumesikia kwamba inatoka katika mafuta ya samaki na mayai. Je, tununue vidonge? Na vidonge hivyo vimetengenezwa kwa kitu gani?

Maswali haya yafaa kujibiwa vizuri, kwa maana mtu anaweza kutumia fedha ya karo ya mtoto kununua chupa asiyoihitaji, na mwingine anayeihitaji kweli akakaa bila kuipata.

KAZI YA VITAMINI D

Mfikirie mtu anayejenga nyumba ya matofali. Matofali yamewekwa kando ya barabara, mengi, lakini hakuna mtu wa kuyabeba mpaka kwenye ukuta. Nyumba haitasimama. Katika mwili, matofali ni kalsiamu, yaani ile chokaa inayofanya mfupa uwe mgumu. Mbebaji ni vitamini D. Yeye huichukua kalsiamu kutoka katika chakula kilicho tumboni na kuiingiza katika damu ipate kufika kwenye mifupa. Matofali yakikosekana, mbebaji hana kazi. Mbebaji akikosekana, matofali hutoka nje na choo. Vyote viwili vyahitajiwa, nasi tutarudi kwa jambo hili.

Mtoto anayekosa hupata mifupa laini. Ugonjwa huu huitwa matege. Miguu yake hupinda akianza kusimama, ama kwa nje kama upinde, ama magoti hugongana. Vifundo vya mikono huvimba. Kwenye mbavu huonekana vinundu, kama shanga zilizopangwa. Meno yachelewa, utosi wachelewa kufunga, naye hulia akiinuliwa. (Miguu ya mtoto mchanga iliyopinda kidogo si ugonjwa. Watoto wengi huzaliwa hivyo, nayo hunyoka yenyewe baada ya umri wa miaka 2.)

Akina mama, sikieni neno hili hasa kwa ajili ya binti zenu. Mifupa ya nyonga hulainika vilevile, nayo haionekani kwa macho. Msichana aliyeugua matege hupona, hukua, huolewa. Kisha siku ya kuzaa mtoto hapiti, kwa sababu njia ya mifupa ilibanwa tangu utotoni. Mama huyo ni lazima apasuliwe. Na barabara ya kutoka kijijini mpaka penye upasuaji mwaijua ilivyo wakati wa mvua.

JUA LETU

Mwaka 1919, katika mji wa Berlin, mganga mmoja jina lake Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wenye matege mbele ya taa yenye mwanga kama ule wa jua, na mifupa yao ikapona. Mwaka huohuo, huko Uingereza, Edward Mellanby aliwalisha mbwa vyakula mbalimbali, akaona kwamba mafuta ya ini la samaki huzuia ugonjwa huo. Watu walishangaa. Taa na mafuta ya samaki vina uhusiano gani? Leo twajua kwamba jua likipiga ngozi ya mtu, ngozi yenyewe hutengeneza vitamini D. Huhitaji kumla mnyama yeyote ili kuipata.

Nasi hapa tunakaa karibu sana na ikweta. Watu wa Ulaya wakati wa baridi hukaa miezi mingi bila jua la kutosha kutengeneza vitamini hii, lakini Hombo jua lina nguvu mwezi wa kwanza hata wa kumi na mbili. Huko Tanzania, mwaka 2012, ilitangazwa habari ya kupimwa kwa damu ya Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya zamani, nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 katika lita moja ya damu, na waganga wengi huhesabu 50 kuwa yatosha. Ngozi yao ni nyeusi kama yetu.

Basi, mbona matege yapo Afrika? Kwa sababu kuwa na jua nje ya mlango si sawa na kuwa na jua juu ya ngozi. Mjini Nairobi, karibu na ikweta vilevile, utafiti uliochapwa mwaka 2018 ulionyesha watoto wa mitaa ya mabanda wakiugua matege kwa kukosa vitamini D. Familia hukaa katika chumba kimoja, nyumba zimebanana, na mtoto haonekani nje. Je, kwetu hakuna mambo kama hayo? Yapo. Katika milima ya Masisi kuna baridi na ukungu, na mtoto hufunikwa nguo juu ya nguo. Katika kambi za wakimbizi mama huogopa kumwacha mtoto atoke nje ya hema. Mzee mgonjwa hulala ndani miezi mingi, na watu huona kwamba wamemtunza vema.

Kipimo cha jua ni hiki, nacho hakina bei: tazama kivuli chako. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe mwenyewe, jua hilo halitengenezi vitamini D ila kidogo sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, linatengeneza. Kwetu ni tangu saa tatu ya asubuhi hivi mpaka saa tisa ya mchana. Wengi hufundishana kumtoa mtoto saa moja ya asubuhi, jua likiwa limechomoza tu. Jua hilo ni zuri kwa kupasha mwili joto, lakini kwa mifupa halifai kitu. Afadhali mtoto atoke saa tatu au saa nne, mikono na miguu ikiwa wazi, kichwa katika kivuli, dakika 10 hivi kila siku. Mtu mzima, nusu saa, mara kadhaa katika juma, mikono na miguu ikiwa wazi. Anayelima shambani amekwisha kupata yake bila kuhesabu. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halisaidii.

Lakini ndugu zetu wenye ualbino wasifuate maneno haya. Jua hilohilo huleta saratani katika ngozi yao. Wao wavae nguo ndefu na kofia pana, na vitamini D waipate kwa kula au kwa dawa.

UYOGA

Majani na matunda hayana vitamini D ya kuhesabika. Sombe haina. Karoti haina. Mawese mekundu yana kitu cha kutengeneza vitamini A, iliyo nzuri sana kwa macho, na watu huchanganya herufi hizi. A si D.

Uyoga ndio ulio tofauti. Mwaka 1924, huko Wisconsin katika Marekani, Harry Steenbock alionyesha kwamba chakula kisicho na vitamini D kinaweza kuipata kikipigwa na mwanga wenye nguvu. Katika uyoga na katika chachu kuna kitu kinachogeuka kuwa vitamini D2 kikipata mwanga huo. (Wenye elimu husema uyoga si mmea. Wala si mnyama, na kwa habari tunayoizungumza hapa hilo latosha.)

Uyoga unaomea katika kivuli cha msitu una kidogo, au hauna. Kwa hiyo usiupeleke moja kwa moja chunguni. Ukate vipande, utandaze juu ya ungo, upande wenye mikunjo ukiangalia juu, uache katika jua la kivuli kifupi kwa saa nzima. Gramu 100 za uyoga mbichi uliofanyiwa hivi huweza kupata mikrogramu 10 za vitamini D au zaidi, na mtu mzima huhitaji 15 kwa siku. Ukitaka kuuweka akiba, uendelee kuuanika mpaka ukauke kabisa. Vitamini hiyo haiharibiki yote katika kupika, ila hupungua uyoga ukikaa miezi mingi. Pika pamoja na mawese au karanga, kwa maana vitamini D hupita katika mwili pamoja na mafuta.

Chuma ule tu ambao wazee wa kwenu wanaujua. Jua haliondoi sumu ya uyoga mbaya, wala chumvi haiondoi, wala kuuchemsha.

MATOFALI YENYEWE

Mwaka 1999 waganga waliandika habari za watoto wenye matege katika mji wa Jos, Nijeria. Watoto hao walicheza juani kila siku. Walikuwa wakila nafaka, na maziwa kidogo tu. Walipopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko wale waliopewa vitamini D peke yake. Mbebaji alikuwapo, matofali ndiyo yaliyokosekana.

Nafikiri jambo hili latuhusu sisi kuliko habari za chupa. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini kalsiamu yake ni haba, na mahindi vilevile. Asiyekunywa maziwa ale majani kila siku, si kijiko cha kuonjea ugali, bali sahani. Sombe ina kalsiamu nyingi. Itwangwe na kuchemshwa sana kama mama zetu walivyofundisha, kwa maana mbichi ina sumu. Lengalenga pia huliwa, ingawa ina asidi inayoshika sehemu ya kalsiamu yake, basi ibadilishane na kabichi na majani mengine. Maharagi yaloweke usiku kucha, umwage maji yale. Ufuta ukipatikana, usage pamoja na ganda lake. Asiyekula nyama lakini anakula samaki, sambaza wa Ziwa Kivu, akiliwa mzima na mifupa yake, atamtosha.

VIDONGE NA MATONE

Sasa tuje kwenye chupa. Wako wanaoihitaji: mtoto anyonyaye asiyetoka juani, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mama mwenye mimba anayejifunika mwili wote, mwenye ualbino, mgonjwa wa kitandani. Maziwa ya mama hayana vitamini D nyingi, lakini mama asimwachishe mtoto kwa sababu hiyo, wala asidhani maziwa yake ni chakula cha mnyama kilichokatazwa.

Soma maandishi ya chupa. Ikiandikwa D2, au ergokalsiferoli, imetoka katika chachu au uyoga. Ikiandikwa D3, au kolekalsiferoli, kwa kawaida imetengenezwa kwa mafuta ya manyoya ya kondoo. Iko pia D3 inayotoka katika likeni, ile kama ukoga wa kijivu unaoota juu ya mawe na magome ya miti. Hiyo huandikwa wazi kwamba haina kitu cha mnyama, na bei yake ni kubwa. (Usikwangue magome ukala. Kiwandani husafishwa kwa njia nyingi.) Angalia na ganda la kidonge, kwa maana makapsuli mengi hufunikwa kwa jelatini, inayopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Matone hayana ganda.

D2 yatenda kazi. Hudumu katika damu siku chache kuliko D3, basi inywewe kila siku. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hupewa UI 400 kwa siku, ndizo mikrogramu 10. Wakubwa, UI 600. Mtu mzima asipite 4,000 bila mganga. Wako waliofikiri kwamba kikizidi kitu chema hakidhuru, lakini Uingereza katika miaka ya 1950 maziwa na unga wa watoto vilitiwa vitamini D kupita kiasi, na watoto wakaugua: kutapika, kiu, kutokukua, hata figo kuharibika. Chupa ndogo za kioo za kunywa mara moja huweza kuwa na UI 100,000 au 200,000. Hiyo ni dozi ya miezi. Usigawanye kwa makisio, wala usimpe mtoto wa jirani.

WATU WANAULIZA

Je, maziwa ya soya tunayotengeneza nyumbani yanatosha badala ya maziwa ya ng'ombe? Yana nguvu ya kujenga mwili, nayo ni mema. Vitamini D hayana, na kalsiamu ni kidogo.

Je, tukipata jua na majani, tumemaliza? Bado. Vitamini B12 haimo katika mimea, wala jua haliitengenezi. Asiyekula kabisa kitu cha mnyama ameze kidonge chake. Akikosa kwa miaka, damu hupungua na miguu hufa ganzi.

Danieli na wenzake hawakula mboga na maji tu, wakanawiri? Naam, walijaribiwa siku 10. Mfupa wa mtoto hujengwa kwa miaka zaidi ya 15.

Mtoto wangu miguu imekwisha kupinda. Nimfunge vijiti inyoke? Hapana, utamuumiza bure, na mfupa laini huvunjika upesi. Mlete hospitalini angali mdogo. Akipewa vitamini na kalsiamu miezi kadhaa, mara nyingi miguu hunyoka yenyewe kadiri anavyokua. Lakini akiletwa amekwisha kuwa kijana, huenda ikabidi apasuliwe. Njooni na mama yake pia, apimwe siku hiyohiyo.