Kambare wa Kamukuywa na Watu Wanaotujua kwa Kuku

Mtu akisikia ninatoka Kamukuywa, kwanza huuliza kama huko ni Kitale au Bungoma, halafu anaanza habari ya kuku. Wachekeshaji wamefanya kazi yao: Mluhya kapewa ugali na kuku, Mjaluo kapewa samaki, na mpaka umeshachorwa. Juzi bwana mmoja msomi alinieleza, bila haya, kwamba sisi Wabukusu, Waluhya wa huku, hatuna mila yoyote ya samaki, kwamba samaki wametufikia kwa lori kutoka Kisumu. Nilimwacha amalize chai yake.

Kati ya mila zetu, tohara sitaieleza hapa. Kila Agosti ya mwaka shufwa wapiga picha hujaa vijijini, na mambo yote, kuanzia njuga hadi nyama ambayo mjomba humvika kijana shingoni, yameandikwa mpaka yamechosha. Khuswala kumuse, ile hotuba ya mazishi, nako kuna wenyewe. Mimi nataka kusimulia siku ya kuvua kambare, desturi isiyo na ngoma wala mzee wa kuisimamia, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyejisumbua kuiandika.

Soko letu liko kando ya barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale. Mito yetu inashuka kutoka Mlima Elgon, ambao sisi huuita Masaba, na maji yake huishia Nzoia. Upande wa Naitiri, Ndalu na Tongaren ulikuwa mashamba ya walowezi hadi ulipogawiwa wananchi wakati wa uhuru. Walowezi walichimba mabwawa ya kunyweshea mifugo, kisha wakaondoka na kuyaacha. Wao walimtukuza trauti, samaki waliyemleta kutoka Ulaya na kumpandikiza katika mito ya baridi huko milimani. Kambare wa matopeni hawakuwa na haja naye. Na kambare hakuhitaji kupandikizwa na mtu: ana kiungo cha kuvutia hewa, na usiku wa mvua huweza kutambaa kwenye nyasi mbichi kutoka kijito hadi bwawa. Ndiyo maana bwawa la ng'ombe, lisilo na mwenyewe, lilikuwa na samaki.

Siku ya kuvua ilianza jana yake. Kuku alipochinjiwa mgeni, wavulana hawakugombania firigisi, maana firigisi ni ya baba mwenye boma. Waligombania matumbo. Matumbo hayo yalifungwa kwenye jani la mgomba, yakalazwa nje yaanze kunuka kidogo, kwa sababu kambare hutafuta chakula kwa harufu na ndevu zake kuliko kwa macho. Kwa hiyo kuku tunayetaniwa naye alikuwa, kwetu sisi vijana, chambo. Asiyekuwa na matumbo alichimbua nyungunyungu kwenye migomba. Ndoano zilinunuliwa sokoni, fimbo ilikuwa mwanzi, na kipande cha bua kavu la mahindi kilifungwa kwenye mshipi ili kielee.

Tulienda na ng'ombe, na hapo ndipo penye mila yenyewe. Hakuna aliyekwenda bwawani kuvua tu. Ng'ombe walinyweshwa kwanza, kisha zamu ikapangwa: wengine wanakaa na fimbo, mmoja anachunga. Ng'ombe mmoja akiingia kwenye mahindi ya watu, siku imekwisha kwa wote, na viboko vya jioni havikuuliza nani alikuwa zamu. Kwa sababu hiyo, aliyechunga alichagua samaki wake kabla ya waliovua. Hata kama hakugusa ndoano kutwa nzima, alichagua wa kwanza. Nimeishi mijini na kufanya kazi na watu wengi wenye shahada, na sijaona mgawanyo wa haki ulionyooka kama ule wa watoto wenye magoti yenye ukurutu.

Pale wanawake walipochotea maji hatukutia ndoano. Kelele zilikatazwa, ingawa sisi ndio tuliozipiga. Bua huanza kwa kutetemeka, na mgeni wa kazi huvuta papo hapo, akatoa ndoano tupu. Kambare hana haraka. Anaonja, anaacha, anarudi. Unangoja mpaka bua linakwenda upande, kisha linazama kabisa, ndipo unavuta kwa nguvu zote, maana akijua ameshikwa hukimbilia mizizi. Akifika nchi kavu usimshike popote tu. Mapezi yake mawili ya mbele yana miiba migumu, na jeraha lake huwaka hadi usiku. Unambana nyuma ya kichwa, vidole vikipita nyuma ya miiba. Kisha unamtia kwenye nyasi mbichi, naye atakaa hai hadi ufike nyumbani, akikutazama kwa vijicho vyake vidogo kama karani aliyekataa kukuhudumia.

Nyumbani alipakwa majivu ili ule ute utoke, akasuguliwa hadi ngozi ikashikika. Wa kuliwa siku hiyo alipikwa kwa munyu, akaliwa na ugali wa wimbi. Wa kuwekwa alikunjwa duara, mkia ukaingizwa mdomoni na kubanwa kwa kijiti, akawekwa kwenye uchaga juu ya meko mpaka moshi ukamfanya mweusi na mgumu. Kichwa, kwetu, kilikuwa cha kuka, yaani babu.

Lakini aliyemngoja kambare kuliko wote alikuwa kukhu, nyanya yangu. Nyanya zetu walikatazwa kuku na mayai. Huo ulikuwa mwiko mzito kwa wanawake wa Kiluhya wa wakati ule, na kukhu aliushika hadi uzeeni hata baada ya wakwe zake kuuacha. Alimlisha kuku, akamchinjisha, akampika, akampakua, asimwonje. Samaki hakuwa na mwiko huo nyumbani kwetu. Basi anayesema Mbukusu ni kuku na amuulize Mbukusu yupi. Kukhu wangu nyama yake ilitoka bwawani, mikononi mwa wajukuu.

Wapo waliomkataa kambare. Waadventista wana sura ya 11 ya Mambo ya Walawi, na kambare kweli hana magamba. Wengine waliona ile ngozi na zile ndevu wakasema ni nyoka aliyenenepa. Hao hatukubishana nao, walituongezea fungu.

Nisipambe mambo. Utupa, mmea wa sumu ya samaki, ulikuwapo, na wapo wazee walioutwanga na kuumwaga kwenye vidimbwi wakati wa kiangazi, samaki wakaelea wakubwa kwa wadogo. Lakini utupa hutoka shambani na nguvu zake huisha. Siku hizi mtu humwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe, kisha akauza samaki hao sokoni kabla ya saa tatu. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza sumu. Askari wa kuilinda kando ya vijito vyetu sijamwona.

Naambiwa nisilie, samaki wapo. Ni kweli. Mwaka 2009 serikali ilianza kuchimbia wakulima vidimbwi vya samaki, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo 140, na baadhi ya majirani zangu wangali wanafuga. Vingine vimegeuka mashimo ya viazi vikuu. Sokoni kuna omena, kuna mgongo wazi, kuna samaki wa barafu kutoka Uchina waliozua kelele nchi nzima mwaka 2018. Sina ugomvi na samaki wa kufuga. Ila ana mwenyewe, ana bei kwa kilo, na mtoto akikutwa pale na fimbo ni mwizi. Ule mgawanyo wa mchungaji kuchagua kwanza hauwezi kufanyika kwenye mali ya mtu.

Na watoto wenyewe hawachungi tena. Wako shuleni hadi jioni, jambo ambalo sitalilaani. Ng'ombe wamebaki wachache na wamefungwa zizini. Mabwawa yamejaa udongo. Kingo za mito zimelimwa mahindi na miwa hadi majini, mchanga unachotwa kwa matrekta, na mikaratusi imepandwa mle mle kwenye chemchemi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ya karibu na mito ikatwe. Ya kwetu imeshakatwa mara kadhaa, kwa ajili ya nguzo, na ikachipuka.

Hapa nina neno na wazee wetu wa mila, wanaotetemesha meza mtu akigusa tohara. Kijana wa kutahiriwa hupelekwa mtoni alfajiri, huoshwa, hupakwa matope mwili mzima, kisha hurudi kwa njia nyingine huku wimbo wa Sioyaye ukiimbwa. Matope yale hutoka ukingoni, alikokaa kambare. Mnachangisha pesa za fahali na mahema, na ukingo mmeupanda mahindi. Mzee mmoja nilipomuuliza watapata wapi matope miaka ijayo, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, siku hizi kuna mfereji."

Mzee habishiwi. Lakini kanuni za maji zinataka angalau mita 6 kutoka ukingoni ziachwe bila kulimwa, na shamba linalopakana na mto pale chini ni lake. Kamba ya kupimia ninayo.