Malezi ya Mwalimu (Sehemu ya Pili): Aliyebaguliwa Naye Hufundisha Vipi?

Katika sehemu ya kwanza tulimwangalia mtoto aliyekulia mtaa wenye makabila na dini nyingi. Huyo huingia chuo cha ualimu akijua kwamba lililo adabu kwa jirani mmoja huweza kuwa utovu wa adabu kwa mwingine. Leo tugeukie upande mchungu wa malezi: kubaguliwa. Je, aliyeonja ubaguzi utotoni lazima awe mwalimu mwenye haki?

La hasha. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Limuru katika miaka ya ukoloni, alieleza jinsi walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu shuleni. Asubuhi mwanafunzi mmoja alikabidhiwa kifungo cha nguo. Alipomnasa mwenzake wa kwanza akisema lugha ya mama, alimpa kifungo hicho, na huyo naye akamwinda mwingine. Jioni aliyekutwa nacho alimtaja aliyempa, huyo akamtaja wake, mpaka wahalifu wote wa siku hiyo wakajulikana. Wengine walichapwa, wengine walivishwa shingoni bamba la chuma lenye maneno ya kuwaita wajinga au punda. Adhabu za namna hiyo hazikukoma Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Ziliendelea katika shule kadhaa, mikononi mwa walimu wa kizazi kilekile kilichozipitia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na aliyefunzwa kumwaibisha mwenzake huweza kuzeeka na somo hilo.

Ngũgĩ alishika njia nyingine. Akiwa mhadhiri Nairobi, Oktoba 1968, alitoa pendekezo pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda. Walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na nafasi yake ichukuliwe na idara inayoanzia Afrika: fasihi simulizi, fasihi ya Kiswahili, kisha fasihi za kwingineko. Vitabu vya Ulaya havikufukuzwa. Viliondolewa tu kwenye kiti cha enzi. Watu watatu wa malezi tofauti walikaa pamoja, wakauchunguza mfumo uliowadhalilisha, wakabadilisha kinachofundishwa.

Hapo ndipo penye tofauti. Uchungu peke yake haumfundishi mtu haki. Anayeuficha moyoni huweza kuutoa kwa fimbo. Anayeuchambua hujua mahali ubaguzi unapojificha darasani: katika jina linalotamkwa kwa dhihaka, katika lafudhi inayochekwa, katika mtoto anayekaa nyuma mwaka mzima bila kuulizwa swali.

Basi nawaomba wakufunzi wa vyuo vya ualimu: kabla ya kuwapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, wapeni nafasi ya kuandika na kujadili jinsi walivyofundishwa, walivyoheshimiwa na walivyodharauliwa. Nawe mwanachuo, andika ukweli wote, pamoja na siku ulizowabagua wengine.